Mpira Ulioingia Kwenye Maharagwe

Nakumbuka siku moja mpira wangu wa gofu uliruka vizuri tu, halafu ukakata kulia kama bodaboda iliyoona polisi, ukatua chubwi! ndani ya sufuria ya maharagwe ya Mama Nakato. Nakuandikia habari za siku hiyo, mwanangu, kwa sababu jana ulikuja hapa kwangu Nsambya, ukatupa mfuko wa fimbo zako mlangoni kama takataka, ukasema mkono umekupotea, mpira haukusikii tena, na Jumamosi huendi kwenye mashindano. Wewe! Mjukuu wangu, ambaye vikombe vyake vimejaa kabatini mpaka sahani zangu nimezihamishia chini ya kitanda! Jana nilikupa chai tu, sikusema kitu. Leo nasema. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo ukiona herufi imelala, iinue mwenyewe.

Mimi gofu sikuianza kwa mpira. Niliianza kwa kufyeka. Baba alikuwa polisi, watoto tulikuwa wengi, nikapata kazi ya kufyeka majani kandokando ya uwanja wa gofu. Slasha unaijua, chuma kile kilichopinda mdomo: kiuno kinazunguka, mikono inafuata, majani yanalala. Mwaka mzima kazi yangu ndiyo hiyo. Baadaye nikawa kedi, nabeba mifuko ya wachezaji, na Jumatatu, wenyewe wasipokuja, sisi makedi tuliachiwa uwanja tucheze. Siku ya kwanza nilipopewa fimbo niliizungusha kama slasha. Mpira ukapotelea mawinguni. Wanaume wote wakanyamaza. Mwanangu, kimya kile kilikuwa kitamu kuliko soda.

Kwa miezi mingi hakuna aliyeniweza. Ikatangazwa kwamba makedi sita watachaguliwa waende Nairobi kucheza na makedi wa huko. Mimi nilikuwa sijavuka hata daraja la Jinja. Nikashona gauni la safari kabla sijachaguliwa. Kiburi si maungwana, lakini nani angeniambia?

Ndipo mama mmoja niliyekuwa nikimbebea mfuko, mtu mwema kabisa, akanipa glovu nyeupe. Akacheka kidogo, akasema, "Akello, unapiga vizuri, lakini unapiga kama mtu anayefyeka." Hakuwa na ubaya. Lakini aibu iliniingia kama mchanga kwenye ugali. Kuanzia siku hiyo nikataka kupiga kama matajiri. Nikanyoosha mkono, nikabana kiwiko, nikainua kidevu. Haikupita hata wiki mbili, mpira ukanikana.

Nikatafuta dawa. Wafula, kedi mwenzangu kutoka Kenya, mtu wa maneno mengi, akasema nikunje magoti. Mwingine akasema nishike pumzi. Mwingine akasema niutazame mpira kwa jicho la kushoto peke yake. Shangazi yangu wa Kawempe akasema nimerogwa, nitie chumvi viatuni. Nikatia, nikapata malengelenge. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na chombo chenyewe kilikuwa mimi: magoti nimekunja, pumzi nimeshika, jicho nimefumba, na miguu inawasha.

Ilikuwa imebaki wiki moja tu tuchaguliwe. Hapo ndipo mpira ulipoingia kwenye maharagwe.

"Aliye juu mngoje chini!" Wafula akapiga kelele. "Leo mwenzetu amepika!"

Mama Nakato, aliyetupikia sisi makedi, akashika kiuno. "Nnyabo, bibi wewe, viungo ningetia mwenyewe!"

Mkubwa wetu alikuwa Mzee Odoch, mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini, tuliyemwita Afande. Alikuwa amesimama pale na sahani yake, ana njaa. Akauopoa mpira kwa mwiko, akaulamba, akasema, "Bado haujaiva." Halafu akanigeukia.

"Akello, umemsikiliza nani?"

"Kila mtu, Afande."

"Na kupiga ulifundishwa na nani?"

Macho yangu yakaenda kwenye slasha zilizoegemezwa ukutani. Alijua, na alijua kwamba najua.

"Fimbo weka. Usiiguse mpaka Jumatatu. Kachukue slasha, mtaro wa kule nyuma umejaa majani."

"Afande, mimi kwenye slasha nilishatoka."

"Hata mpira wako umeshatoka uwanjani. Nenda. Na hiyo glovu niachie mimi."

Nililia, sikufichi. Siku mbili za kwanza nilifyeka kwa hasira, slasha ikagonga mawe, mgongo ukawaka moto. Siku ya tatu Mama Nakato akaja kukaa karibu yangu anachambua maharagwe, akaanza kunisimulia visa vya mume wake wa Mengo, mwanamume mzima anayeogopa kuku. Nikacheka. Nikasahau kiwiko, nikasahau kidevu. Nilipogeuka, mtaro mzima ulikuwa umelala, na sikukumbuka kuufyeka.

Jumatatu ikafika. Mpira wangu wa kwanza ulikwenda wapi? Kulia! Usidhani nakusimulia miujiza. "Mama Nakato, funika sufuria!" Wafula akapaza sauti, na Mama Nakato kweli akakimbia kuifunika. Nilicheka mpaka machozi, mabega yakashuka yenyewe. Wa pili nikaupiga nikiwa bado nacheka, kiuno mbele, mikono nyuma, kufyeka kwangu kule kule. Ukaenda moja kwa moja kama mtu aliyeitwa nyumbani.

Nilichaguliwa wa sita kati ya sita. Lakini basi lilikuwa moja, na wa sita anafika saa ile ile na wa kwanza. Gauni nililivaa. Huko Nairobi walituchapa vibaya, ila gauni lilisifiwa.

Sasa sikia, mwanangu. Mkono ukipotea haujafa, umechoka kuamrishwa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Simu yako imejaa walimu, kila mmoja na kiwiko chake, izime. Wewe ulijifunza hapa uani kwangu, ukipiga kokwa za ovakado kwa mpini wa ufagio, ukavunja dirisha la jirani, ukacheka mpaka ukakaa chini. Mwacha asili ni mtumwa. Ufagio upo, ovakado nimenunua, na jirani nimeshamwonya. Kisha Jumamosi uende. Ukishinda, sahani zangu zitahamia kwa jirani huyo huyo. Ukishindwa, shindwa kwa mkono wako mwenyewe, hilo halina aibu. Aibu ni fimbo kulala mlangoni, mimi bibi yako naziruka kila nikienda kuteka maji.

Mungu akulegeze mabega, akukaze moyo. Akupe rafiki wa kukucheka na mzee wa kukunyang'anya glovu. Na mpira wako ukiingia kwenye maharagwe ya watu, omba msamaha, kaa ule nao, halafu unyanyuke upige mwingine.