Kamba ya Bafuni, Fleti Namba Tisa

"Mama, hilo ni kabati la mtu!" alinong'ona Janice.

"Mtu gani? Fleti tupu hii," alijibu Hilda Ormerod, kichwa chote kikiwa kabatini.

Walikuwa wamekuja kuangalia fleti ya kupanga katika jengo la wazee, pale Burnley, Uingereza, ambako kila mtu ana mlango wake na birika lake, ila msimamizi yupo chini. Hilda, mjane wa miaka sabini na tisa, alikuwa ameshachungulia chumba cha kufulia, ameonja supu ya watu, na kuuliza nani huiba kwenye mchezo wa bingo. Msimamizi, Bi Pickup, aliyekuwa akiwazungusha, alicheka hadi akachoka.

Swali moja tu hakuthubutu kuliuliza: ukianguka hapa, nani anakuja? Januari aliteleza jikoni kwake akalala sakafuni usiku kucha, hadi mleta barua alipomsikia. Janice, aliyeishi mbali, aliambiwa jeraha la shavuni mwa mamake lilitokana na kugonga mlango wa kabati. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hilda alilijua hilo, lakini alimwogopa bintiye kuliko kifo.

Bafuni kulikuwa giza. Kama yeyote aliyekulia mji ule, ambako taa za bafuni huwashwa kwa kuvuta kamba, hakupapasa ukuta kutafuta swichi. Alishika kamba inayoning'inia, akavuta. Taa haikuwaka. Akavuta tena, kwa hasira.

"Namba tisa!" ukuta ukasema kupitia kipaza sauti. "Tumekusikia, msaada unakuja!"

"Mungu wangu!" Hilda akaruka.

Mlango wa fleti ukafunguliwa kwa kishindo. Akaingia mzee wa fleti ya jirani mwenye povu la kunyolea kwenye shavu moja, nyuma yake bibi mwenye ndala mguu mmoja, akihema.

"Nani kaanguka?"

"Hakuna, Wilf," alisema Bi Pickup. "Kavuta kamba ya dharura akidhani ni ya taa."

Wilf akaangua kicheko. "Karibu, jirani! Hata mimi nilivuta, tena mara tatu. Edna huyu alikuja zote, ya tatu akanitukana."

"Na huyu nitamtukana," alisema Edna. "Nikishapata pumzi."

Wote walicheka isipokuwa Hilda. Alikuwa akilitazama lile povu likidondoka zuliani, na machozi yalikuwa yakimtoka.

"Nilianguka mimi," alisema. "Januari. Jikoni."

Janice akamgeukia. "Si ulisema mlango wa kabati?"

"Nilikudanganya, mwanangu. Nilikuita wewe usiku ule, Janice. Nilikuita mpaka sauti ikakauka. Hapa nimevuta kamba tu, wamekuja."