Brashi Niliyoichagua Kibondo

Harufu ya sabuni ya kunyolea ikikutana na maji ya moto hunikumbusha brashi moja mpaka leo. Baba yangu alikuwa kinyozi mjini Kasulu, katika kibanda cha mbao kilichotazamana na msikiti. Asubuhi za kule ni za ukungu na baridi, na wateja waliingia wamejikunyata ndani ya makoti, wakaamkiana kwa "mwakeye", kisha wakanyoosha shingo wapakwe povu la moto. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku kubwa, kwa sababu wazee walipenda kuingia msikitini wakiwa na mashavu laini. Baba aliwapaka kwa brashi ya manyoya ya mbuzi aliyokuja nayo ujanani kutoka Ujiji. Nilipokuwa darasa la nne brashi ile ilianza kunyonyoka. Kila mteja aliondoka na manyoya ya mbuzi kidevuni, wakawa wanamtania baba kwamba siku hizi anapandikiza ndevu badala ya kuzinyoa. Baba alicheka nao, lakini nilimwona jioni akiigeuzageuza ile brashi kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Shangazi alipokuwa anakwenda Kibondo kwenye harusi, mimi nikafuatana naye, na baba akanituma brashi mpya sokoni. "Chagua nzuri," aliniambia. "Hakikisha tu si ya plastiki. Plastiki inachoma na haishiki povu." Nilijiona mkubwa kuliko shangazi mwenyewe. Pale sokoni mama mmoja Mrundi alikuwa ametandaza turubai lenye viberiti, vioo na nyembe, na kando kulikuwa na brashi mbili. Moja ilikuwa ya kijivu, laini, imelala upande. Nyingine ilikuwa nyeupe, imesimama wima, nywele zimekaza utadhani zimepigwa pasi. Nikaishika ile nyeupe, nikauliza kama nilivyofundishwa: ni manyoya ya mnyama kweli? "Ego, ndiyo, mwana," akanijibu, "ni manyoya ya kweli kabisa, si nailoni." Niliuliza kama ni ya mnyama. Sikuuliza ni mnyama gani.

Baba aliifurahia sana. Povu lilipanda mpaka masikioni mwa wateja, na Mzee Shabani, aliyekuwa wa kwanza kibandani kila Ijumaa, akasema sasa amenyolewa kama waziri. Furaha yangu ilidumu kama wiki hivi. Siku moja niliianika brashi uani, na jirani yetu Mama Yusta akaja kuomba moto. Mama Yusta alikuwa Mkatoliki, anafuga nguruwe nyuma ya nyumba yake, na alikuwa akiwachinja na kuwakwangua manyoya mwenyewe. Aliiokota brashi, akachomoa unywele mmoja, akaniinulia juani. "Umeona ncha inavyogawanyika mara mbili? Huu ni wa nguruwe, mwanangu. Wa mbuzi huishia kama sindano." Kisha akaniangalia usoni, akaelewa alichosema na amekisema kwenye ua wa nani. "Mwambie baba yako," akaniambia taratibu. "Mimi si mtu wa kumwambia."

Sikumwambia. Niliifua brashi ile kwa sabuni, nikaifua kwa majivu, nikaificha nyuma ya pipa la maji. Baba akaikuta, akanishukuru kwa kuisafisha. Ijumaa nilikaa mlangoni nikiwaona wazee wanavuka barabara kwenda kuswali na nyuso zile. Nilihesabu mashavu. Nilijiambia nitasema kesho, na kesho nikajiambia hivyohivyo. Katikati ya hofu hiyo mama akajifungua mtoto wa kiume, na baba akatangaza kwamba siku ya saba, siku ya akika, atamnyoa mwanawe kwa mkono wake mwenyewe.

Siku ya saba ilifika. Mama alikaa kwenye mkeka amempakata mtoto, baba akachovya brashi katika bakuli, akaizungusha, akaiinua. Kichwa kile kilikuwa kidogo, utosi unapumua. Nikasikia sauti yangu kabla sijaamua kusema. "Baba, usimpake hiyo."

"Kwa nini?"

"Ni ya nguruwe."

Povu lilidondoka mkekani. Baba hakupiga kelele. Aliiweka chini brashi, akatoka uani, akanawa mikono mara saba, mojawapo kwa udongo wetu ule mwekundu, kama alivyofundishwa madrasa akiwa mtoto. Akarudi, akamlainisha mtoto nywele kwa maji na kiganja, akamnyoa bila hata mchubuko. Baada ya hapo ndipo akaniuliza, "Umejua tangu lini?"

"Siku kumi na moja."

Akatikisa kichwa, basi. Ningependelea kofi.

Ijumaa iliyofuata alinikalisha kwenye benchi ndani ya kibanda. Kila mteja aliyeingia alimweleza mambo yalivyokuwa, akimwomba radhi. "Hatukujua, Ramadhani," Mzee Shabani akamwambia. "Asiyejua hana kosa." Baba akamjibu, "Kosa ni langu. Sikuuliza." Wengi walimsamehe palepale. Mmoja aliondoka bila kuaga, na hakurudi tena. Mimi nilikaa pale nikingojea jina langu litajwe. Halikutajwa. Jioni ilipofika nilishukuru, na nikajichukia kwa kushukuru.

Sasa baba ni mzee na mikono inamtetemeka. Mimi ni mwalimu Kakonko, na kila likizo huenda Kasulu kumnyoa. Vijana wa pale siku hizi wanatumia mashine za umeme, povu hawalijui. Brashi yangu niliiagiza kwa simu, na nilimchosha muuzaji kwa maswali: ni nywele za nini, za nani, mnyama alichinjwa au alikwanguliwa akiwa hai? Mwishowe nikachukua ya nyuzi za kiwandani, maana sikutaka tena kubeba mnyama yeyote moyoni. Siku hizi za plastiki zinashika povu vizuri. Juzi nikiwa nampaka, baba akaniuliza kama anavyouliza kila mara, "Hii ni ya nini?" Nikamjibu. Akafumba macho. Nami, baada ya miaka yote hii, nikamuuliza kwa nini siku ile hakunitaja kwa wazee.

"Nilikuweka pale kwenye benchi useme mwenyewe," akanijibu. "Nilikungojea mpaka Shabani, wa mwisho wao, akazikwa."

Nikabaki nimeshika brashi, povu likimkaukia shavuni.