Vingunguti tumejengewa kituo cha watoto: kina rangi, kina bembea, kina mlinzi, ila watoto hawaruhusiwi kuingia

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa zamani na wageni wa jukwaa.

Hili ninaloleta nimeliona kwa macho yangu na mwanangu alikuwa ndani yake, kwa hiyo sitaongeza chumvi. Halihitaji chumvi. Mengine yatawachekesha, na mimi sasa hivi nacheka, ila wakati ule sikucheka hata kidogo.

Kwanza mnijue. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Neema, wa miaka minne. Kwetu ni Singida, lakini Vingunguti nimeishi mpaka harufu ya machinjio siisikii tena, labda aje mgeni anikumbushe. Nafanya kazi kiwandani Chang'ombe, upande wa kufungasha biskuti.

Shifti yangu inaanza saa moja asubuhi. Hiyo saa moja iwekeni kichwani, ndiyo ugomvi wote wa uzi huu.

Sasa, mtaani kwetu kuna bibi mmoja, Bi Zuhura, mwenyeji wa Dar hasa, siyo sisi wa kuja na basi. Yeye ndiye chekechea yetu. Akishaswali alfajiri anatandika mikeka barazani kwake na kuinjika uji. Wanawake wanaoosha utumbo machinjioni, mama ntilie, sisi wa viwandani, wote tunamwachia watoto pale kabla hakujapambazuka vizuri.

Ubao wake ni mlango mbovu uliopakwa rangi nyeusi. Mwenye nacho analipa, asiye nacho analeta unga au sukari, na maisha yanaenda.

Sitamfanya malaika. Bi Zuhura ana sauti ya kuita watu mtaa wa pili. Mchana anasinzia katikati ya wimbo na watoto wanaumalizia wenyewe. Na Kiingereza chake, wakuu, tuombe Mungu. Kwa Bi Zuhura baada ya Tuesday inakuja Thursday, na hakuna mzazi aliyewahi kumbadilisha.

Ila Neema alijua kuhesabu, kunawa mikono na kusubiri zamu yake ya uji. Na alijua kuamkia. Pale kwa Bi Zuhura ukiingia bila shikamoo, uwe mtoto uwe mtu mzima, unarudishwa nje uanze upya. Mume wangu alisharudishwa.

Basi siku moja likaja gari jeupe, refu, la kuogopa madimbwi. Akashuka afisa wa serikali anayehusika na mambo ya watoto, pamoja na dada mmoja wa taasisi binafsi. Jina la taasisi nalihifadhi, tuiite Taasisi tu. Huyo dada alikuwa mpole na mwenye manukato mazuri, nisimsingizie.

Afisa akampita Bi Zuhura kwa "habari za asubuhi". Mwanamke wa umri wa mama yake. Watoto wote wakamkodolea macho, wakisubiri arudishwe nje, lakini Bi Zuhura siku ile akanyamaza kwa heshima ya wageni.

Tukaitwa kwenye kikao ofisi ya serikali ya mtaa. Soda zilikuwepo. Tukaambiwa sisi ni wadau.

Wakuu, ukisikia unaitwa mdau, shika mkoba wako vizuri.

Tukaulizwa watoto wetu wanahitaji nini. Wanawake wakasema maji ya bomba, choo cha watoto, na mtaro ufunikwe maana unapita nyuma ya nyumba ukitoka machinjioni. Dada wa Taasisi akawa anaitikia kwa kichwa, anaandika kwenye karatasi kubwa ukutani. Nikasogea kusoma. Ameandika: MICHEZO.

Nikauliza mtaro uko wapi. Akaniambia mtaro uko ndani ya michezo, kwa maana ya mazingira.

Mwisho wa kikao tukaelezwa kwamba baraza la Bi Zuhura siyo mazingira rafiki kwa ukuaji wa ubongo wa mtoto. Kitajengwa Kituo cha kisasa kwenye kile kiwanja cha wazi. Serikali inatoa kiwanja na usimamizi, Taasisi inatoa jengo na vifaa. Bi Zuhura atapelekwa mafunzo, awe mlezi msaidizi. Ila kuanzia hapo baraza lifungwe, kwa sababu haiwezekani kuwa na huduma mbili zinazogongana.

Makofi yakapigwa. Bi Zuhura naye akapiga, taratibu, huku anaangalia mikono yake.

Kituo kikajengwa. Haki yao niwape, kilijengwa haraka na kikapendeza. Twiga ukutani, vigae, bembea, viti vidogo vya rangi rangi, midoli ya kutosha mtaa mzima. Neema alipokiona alitaka kuingia palepale.

Tukauliza wanaingia lini.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu kuhusu nchi yangu. Kituo hakiwezi kutumika kabla hakijazinduliwa. Hakiwezi kuzinduliwa bila mgeni rasmi. Na mgeni rasmi ana ratiba.

Nyie nyote mna lile kabati sebuleni la vikombe vya wageni, vile ambavyo mwenye nyumba hajawahi kuvinywea. Na mnaye yule ndugu ambaye sofa zake zina nailoni mpaka leo. Sasa wenzenu tulifanyiwa hivyo kwa shule. Viti vikabaki kwenye nailoni zake, midoli kwenye maboksi, mlango ukapigwa kufuli, watoto wasije wakachafua kabla mgeni hajaona usafi.

Mgeni rasmi akaahirisha, alikuwa na kikao. Akaahirisha tena, alikuwa safarini. Mara ya tatu mvua, gari lisingepita. Ule mtaro, mnaukumbuka, ule ulio ndani ya michezo.

Watoto wakawa wanaenda kuchungulia madirishani, wanaacha alama za pua kwenye vioo. Wakubwa wakaona hilo ni tatizo, wakaajiri mlinzi. Kazi yake mchana kutwa ni kufukuza watoto kwenye kituo cha watoto.

Sasa hapa nicheke kidogo halafu niache, maana inayofuata haichekeshi.

Baraza limefungwa, Kituo kimefungwa, na kiwanda changu hakijafungwa. Nikamwacha Neema kwa jirani mmoja, binti wa watu, akawa anamfungia ndani na televisheni ili yeye aende saluni. Nikaomba ruhusa kazini, supavaiza akanipa mara moja, mara ya pili akaniambia kwa upole kwamba wapo wengi getini wanaotafuta nafasi. Nilikuwa nasimama kwenye mstari wa biskuti mikono inafanya kazi, kichwa kiko Vingunguti.

Siku moja yule binti alisahau kufunga mlango. Natoka kazini nikamkuta mwanangu ukingoni mwa mtaro na wenzake wawili, peku, wanavua makopo kwa kijiti. Maji yenyewe mnayajua yanatoka wapi. Mmoja alikuwa ameinama mpaka kifua kimevuka ukingo.

Nilimbeba Neema, nikakaa naye chini palepale kwenye tope na nguo zangu za kazi. Sikumchapa, wakuu.

Kesho yake nikaenda kwa afisa. Akaniambia nivute subira, jambo jema halitaki haraka. Nikampigia dada wa Taasisi. Yeye akanifariji kwamba Kituo kikifunguliwa kitapokea watoto kuanzia saa mbili mpaka saa sita mchana, na wadogo kabisa hawatapokelewa kwa sasa. Nikamwambia mie saa moja nakuwa tayari kwenye mstari, na saa sita bado niko hapohapo. Akasema utafiti unashauri wazazi wapange upya muda wao ili wawe karibu na mtoto.

Nikamshukuru. Nikakata simu. Nikasema maneno ambayo mods wa hapa wangenifungia.

Jioni ile tukaenda wanawake kama sita kwa Bi Zuhura. Tukamkuta anachambua mchele. Tukamwambia yote, na habari ya mtaro tukamwambia. Akasema afisa alishamwonya kwamba akipokea mtoto mmoja tu atachukuliwa hatua, na yeye uzeeni hataki kufikishwa mbele ya watu. Mchele ukaendelea kuchambuliwa.

Mwishowe akasema, "Barazani nimekatazwa. Uani sikuambiwa kitu."

Alfajiri iliyofuata mikeka ilikuwa uani, nyuma ya nyumba, karibu na jiko. Ule mlango mweusi tuliubeba sisi wenyewe. Watoto wote wakarudi, na wengine wapya. Nikaingia kazini saa moja kasoro na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilisikia harufu ya biskuti.

Halafu, wakuu, mgeni rasmi akapatikana.

Ilikuwa siku yangu ya mapumziko, kwa hiyo nilikuwepo. Maturubai, spika kubwa, singeli tangu asubuhi, tisheti za nembo ya Taasisi saizi ya watoto zimepangwa mezani. Kila kitu kipo. Tunaambiwa msafara umeshafika Buguruni. Ndipo mtu mmoja akauliza watoto wako wapi.

Hakuna aliyekuwa amewafikiria. Walidhani watakuwa pale dirishani kama kawaida.

Afisa akafuata sauti ya wimbo mpaka uani kwa Bi Zuhura, tai shingoni, jasho linamtoka, dada wa Taasisi nyuma yake na rundo la tisheti. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga uji. Akaingia anaanza moja kwa moja, "Bibi, tunaomba watoto," na wimbo ukakatika.

Neema wangu akasimama. Akamwambia, "Hujaamkia. Rudi nje uanze tena."

Nilitaka ardhi inimeze na nilitaka kumbusu, vyote kwa pamoja. Afisa akamwangalia Bi Zuhura. Bi Zuhura akaangalia jiko. Na afisa wa serikali, mwenye gari jeupe na dereva, akarudi nyuma mpaka nje ya uzio, akaingia upya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Haya, sema."

Akasema. Aliomba watoto kwa muda mfupi tu, wavae tisheti, wakalie vile viti, wapigwe picha, kisha warudishwe. Kwamba mgeni akikuta hakuna watoto, yeye kazi yake iko mashakani. Nilimwonea huruma kidogo pale, maana hofu ya kupoteza kazi naijua.

Bi Zuhura alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, bila kupaza ile sauti yake ya mtaa wa pili:

"Baba, ulipokuja kunifungia uliniambia hapa siyo shule. Leo umekuja kuchukua wanafunzi. Mwambie mgeni wako watoto wako darasani."

Akapiga kifimbo sakafuni, na wimbo ukaendelea. Siku za wiki. Thursday ikaja baada ya Tuesday kama kawaida yake.

Uzinduzi ulifanyika. Utepe ukakatwa, hotuba ikasomwa kuhusu kumweka mtoto katikati. Na kwa kuwa lazima viti vionekane vinakaliwa, walivikalia wadau. Mgeni rasmi, mwenyekiti wa mtaa, wageni wa Taasisi, wote magoti yamefika kidevuni, na nailoni ikilia chini ya makalio. Picha zipo, mtazitafuta wenyewe.

Bi Zuhura hajachukuliwa hatua yoyote. Kumshtaki kungewabidi waeleze watoto walikuwa wapi siku ile.

Sasa nakuja kwa watakaosema natumika, au napinga maendeleo. Sipingi jengo. Nampinga mtu anayekuja na jengo halafu sharti lake la kwanza ni kuua kilichokuwepo. Serikali ingefunika ule mtaro, hakuna mama angeiuliza kuhusu twiga ukutani. Na Taasisi yenye uchungu na ubongo wa mwanangu ingeniuliza kwanza naingia kazini saa ngapi.

Kituo mpaka leo kina kufuli. Safari hii kinasubiri tathmini. Mlinzi bado yupo, mzee wa watu mstaarabu, anafukuza watoto kwa adabu. Kila asubuhi kabla ya kwenda lindoni anapita uani, anatoa shikamoo, anamwachia Bi Zuhura mjukuu wake.

Haya, uwanja ni wenu. Wa Mbagala, Tandale, Kimbiji na kwingineko, kama kwenu kuna jengo la hivi tupieni hapa tulione. Ila picha za siku ya uzinduzi msinitumie. Nataka ya Jumatatu iliyofuata, saa moja asubuhi.