Mwenye Chui Wake

Mwezi uliopita niliwapeleka wajukuu zangu makumbusho pale mjini, maana shule zilikuwa zimefungwa na nyumba ilitushinda kwa kelele. Tukamkuta chui ndani ya kabati la kioo, manyoya yamepauka, jicho moja linatazama kwengine. Mdogo wao akasema mbona huyu ni kama paka shume tu. Wenzake wakacheka, nami nikacheka, kisha nikatafuta pa kukaa. Mimi chui nilimwona akiwa hai, mwenzangu, na bora nisingemwona.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Mama alikuwa amelazwa hospitali kwa muda mrefu, baba amekwenda bara kutafuta kazi, na chumba chetu cha Ng'ambo, Unguja mjini, kikafungwa. Nikapelekwa kwa bibi, upande wa Jambiani, kusini mwa kisiwa, nikiwa na miaka tisa na sanduku la bati. Bibi alikuwa mtu wa maneno machache. Kutwa tulikuwa pwani tukifukua makumbi ya nazi yaliyozikwa mchangani, tukiyaponda kwa rungu mpaka yatoe usumba wa kusokotea kamba. Harufu yake ilikuwa mbaya hata muhogo wa jioni niliuona unanuka vile vile. Watoto wa pale waliniita Bi Mjini, na nikiukaribia mchezo, mchezo unakwisha. Nililia sana mwaka ule, tena nililia uani peke yangu ili bibi asinisikie.

Aliyezungumza nami ni jirani yetu, mzee mmoja mchoma chokaa. Alihamia pale zamani kutoka upande mwengine wa kisiwa, hana mke wala mtoto, na kibanda chake kilikuwa cha mwisho kabla ya msitu. Kuni alikata mwenyewe, tanuu alijenga mwenyewe huko huko maweni, na alirudi jioni miguu myeupe mpaka magotini. Nikimwamkia shikamoo alijibu, "Marahaba, mjukuu wangu," akanitolea matunda ya mabungo mfukoni, kisha ananiuliza habari za mjini kama anavyoulizwa mtu mzima. Nilimsimulia mpaka habari zikaniishia, nikaanza kutunga. Nadhani alijua, lakini aliendelea kuuliza.

Kipupwe kikaingia. Anayekijua kipupwe cha mjini hajakijua cha kusini, upepo unapita kwenye nyufa za kuta na watu wanajifunika magunia. Ndipo chui akaanza kuingia mazizini. Sasa, kule kwetu siku zile hakuna aliyeamini kwamba chui ni mnyama tu. Chui ana mwenyewe, anayemfuga kwa siri na kumtuma kwa mahasimu wake, na siku chui anapouawa, mwenyewe naye huanguka kitandani, asiinuke tena. Kwa hiyo kabla ya kutega, mwenyekiti wa kijiji alipita nyumba hadi nyumba wakati wa alasiri, akitangaza kwamba mwenye chui wake amfunge, baadaye asimlaumu mtu. Kila mmoja alisikiliza huku akimtazama jirani yake.

Wakajenga kizimba cha magogo ukingoni mwa msitu. Ndani kabisa walimfunga mbuzi nyuma ya fito, na mbele wakatundika mlango mzito, ili chui akiingia na kugusa kamba uanguke nyuma yake. Kamba ile ilikuwa ya usumba wetu. Nilijivuna nayo, nikatamani kumweleza mtu, lakini mchoma chokaa alikuwa ndani ameshikwa na homa.

Asubuhi ya tatu zikapigwa kelele kwamba kanasa. Bibi alikuwa jikoni anampikia mzee uji, akaniambia nisubiri nimpelekee. Mara wale watoto wakapita mbio uwanjani kwetu, na mmoja wao, msichana wa makamo yangu, akanishika mkono akasema twende. Hebu fikiri, mwaka mzima hakuna mtoto aliyenigusa. Nikaenda, uji nikauacha.

Chui alikuwa mdogo kuliko maneno yaliyosemwa. Alilala kifudifudi kizimbani akikohoa, hakumtazama mtu. Mwindaji aliyetoka mjini akampiga risasi moja, na mbuzi akaendelea kulia peke yake. Nilikuwa nimebanwa katikati ya watoto, nimeshikwa mkono huku na huku, na nasema kweli, nilifurahi.

Kisha watu wakaanza kuangaliana, nani yupo na nani hayupo. Mwenyekiti akanigeukia mimi.

"Babu yako mchoma chokaa yuko wapi?"

Sikuwahi kuulizwa kitu mbele ya watu wengi namna ile. Nikajibu kwa sauti, ili hata walio nyuma wasikie.

"Yumo ndani, anaumwa. Yuko kitandani anatetemeka."

Mwanamke mmoja akasema taratibu, "Mnasikia wenyewe."

Nikafahamu papo hapo nilichokifanya. Ningeweza kusema kwamba homa ilimwanza kabla chui hajanasa, kwamba kila kipupwe humrudia, kwamba bibi mwenyewe alimfunika kwa gunia letu. Lakini mikono ile ilikuwa bado imenishika. Nikanyamaza.

Bibi alipopata habari hakunipiga. Aliniambia, "Maneno umeyatoa wewe. Nenda kayarudishe."

Sikwenda. Kuanzia siku ile nilichezeshwa ukuti, nikapewa nafasi katikati, nikaitwa kwa jina langu. Uji wa mzee alipeleka bibi, mtu pekee aliyeingia kibanda kile. Mzee akapona, nami nikadhani yamekwisha, kwa kuwa mwenye chui hapaswi kupona. Watu wakasema basi anaye mwengine. Chokaa yake ikakosa mnunuzi, na salamu zake zikakosa mwitikaji.

Asubuhi moja nilikuwa nyumbani peke yangu, bibi yuko pwani. Nikasikia, "Hodi." Niliijua sauti. Nikajibanza nyuma ya mlango. Akapiga hodi ya pili, akangoja, halafu ya tatu, kama ilivyo desturi, kisha nikasikia hatua zikienda. Nilipotoka, mabungo yalikuwa kizingitini na mlango wa kibanda chake umefungwa kwa kamba. Hakuonekana tena, wala sikusikia alikoelekea.

Siku hizi vijana huniuliza kama ni kweli Unguja ilikuwa na chui. Huwaeleza kizimba, mlango na risasi, nikaishia hapo. Msitu ule umekatwa, bibi alikwishafariki, na mwenyekiti pia. Yule msichana aliyenishika mkono tulimzika mwaka juzi. Waliokuwapo pale mtegoni wametangulia mmoja mmoja, kila mmoja akiamini nililosema, na sasa niko tayari kuwaambia kwamba ilikuwa homa tu, lakini sina wa kumwambia.