Wimbo wa Kinanda Ambao Monicah Hajawahi Kuusikia

Saa nane mchana, nyumba moja ya Aziziya, Jeddah, imelala usingizi wa baada ya chakula. Jikoni, Monicah Nekesa anapiga pasi kanzu ya bosi. Ukitazama mikono yake utaona kazi. Ukitazama miguu utashangaa: amevua ndara, na nyayo zinaruka kutoka kigae hadi kigae, kisigino, vidole, kisigino tena.

Simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Kule Riyadh, mtaa wa Al-Suwaidi, dereva Zablon Makokha ameegesha gari kivulini akimsubiri bosi wake. Anasikiliza.

"Mama Maryann, hapo umeteleza," anasema. "Hicho ni kisigino. Rudia."

Monicah anarudia. Pasi ikishapoa, mikono nayo itapata zamu yake ukingoni mwa meza.

Hili ni somo la kinanda bila kinanda. Zablon ndiye aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa lao dogo karibu na Butere, magharibi mwa Kenya: kinanda cha zamani cha mabomba, chenye vibao vya kukanyagwa kwa miguu. Alipokuja Saudia kuendesha magari, kikanyamaza. Sasa kamati ya kanisa imesema wazi kwamba asipopatikana wa kukipiga Krismasi hii, kitang'olewa, na mahali pake pawekwe spika.

Habari hizo zilipoanza kunong'onwa miaka miwili iliyopita, Monicah, aliyekuwa mwanakwaya tu na ndiyo kwanza amefika Jeddah, alimpigia simu. "Nikamwambia, Mwalimu, nifundishe. Akacheka, akaniuliza nitakipigia kwenye sufuria?"

Walichagua muziki wa Ambrose Fennick, Mwingereza aliyepiga kinanda kanisa la kijijini maisha yake yote, na ambaye hata kwao wachache wanamkumbuka. Zablon humtetea kama ndugu. Anasema watunzi wenye majina waliandikia vinanda vya makanisa makuu, lakini Fennick alikuwa na kinanda kidogo, kibovukibovu kama chao, akakitungia kwa huruma.

Noti za Fennick, Zablon alizipiga picha zamani, na humtumia Monicah ukurasa mmoja mmoja. Rekodi hawajaipata popote. Wimbo mrefu wa Krismasi anaojifunza Monicah, Zablon mwenyewe aliondoka kabla hajaujaribu. Mwanafunzi anaujua kwa nyayo, mwalimu anaujua kwa macho, na hakuna aliyewahi kuusikia.

Mwanzoni Madam Wafaa, mwajiri wa Monicah, aliiona ile miguu ikirukaruka chini ya meza ya pasi akadhani ni ugonjwa wa neva. Akampeleka kliniki. Daktari akamgonga magoti kwa kinyundo, akasema mafi, yaani hana kitu. Ndipo Monicah akalazimika kueleza. Madam akavuta kiti, akamtaka apige wimbo wote, akasikiliza nyayo tupu hadi mwisho.

"Na sauti iko wapi?" akauliza.

"Iko Kenya, madam."

Likizo haikuwa rahisi. Binti ya madam anatarajia kujifungua Desemba, na Monicah ndiye tegemeo la nyumba. Wiki nzima ombi lake halikujibiwa. Kisha asubuhi moja, akimimina gahawa, madam akasema dada yake atakuja kusaidia. "Mwezi mmoja tu," alisema. "Halas, basi. Nenda ukaisikie sauti yako."

Ndege ni katikati ya Desemba. Kukosea hakumtishi sana Monicah, maana miguu imeshajua njia. Hofu yake ni nyingine.

"Je, kama wimbo wenyewe si mzuri?" anasema, akicheka kidogo. "Nimeupenda kama mimba. Unaibeba, unaiongelesha, na sura hujaiona."

Kwa hiyo ana mpango. Siku ya kwanza nyumbani, kabla ya kamati na kabla ya kwaya, ataomba ufunguo wa kanisa. Atamketisha kando yake Maryann, bintiye wa miaka saba aliyemwacha akiwa na mitano, na simu iwe wazi kwa Zablon.

"Tuusikie sisi kwanza," anasema. "Sitaki mtoto wangu aje asimuliwe na watu."