Kalenda ya Mpunga

Daktari wa muda hupewa vitu vya mtu mwingine. Nilipofika katika hospitali ile ya bondeni Usangu, upande wa Madibira, nilikabidhiwa koti ambalo mikono yake ilinizidi, kikombe chenye picha ya jogoo, na meza ambayo droo yake ilifunguka tu ukiipiga teke. Mwenye vitu hivyo, daktari wao wa wanawake na uzazi, alikuwa amekwenda masomoni, nami nilitoka Iringa mjini kushika nafasi yake kwa miezi mitatu. Ajira ya kudumu nilikuwa nimeiacha mwaka uliotangulia baada ya kumjibu mkuu wangu maneno ambayo mama yangu hadi leo hajaambiwa. Majirani aliwaeleza kwamba bintiye anafanya kazi za kuzunguka, kwa sauti ya mtu anayeficha ugonjwa wa ukoo.

Mimi niliipenda kazi hiyo. Unafika hujui nani kagombana na nani, unaondoka kabla hujaingizwa upande wowote. Tena nilikuwa najiamini kupita kiasi, na hilo nalisema mapema ili lisije likaonekana nimelificha.

Juu ya meza ile palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa selotepu, imeandikwa kwa mkono. Kusafisha mifereji, Novemba. Kusia mbegu, Desemba. Kupandikiza, katikati ya Januari. Palizi, Februari. Kufukuza ndege, Aprili. Kuvuna, Mei na Juni. Siku ya kwanza nilidhani mwenzangu ana shamba lake pembeni. Kumbe ni kifaa cha kazi. Mama wa kule ukimuuliza hedhi yake ya mwisho aliiona tarehe ngapi, anakutazama kwa huruma, maana tarehe ni mambo ya watu wa mshahara. Atakwambia, "Tulikuwa tunapandikiza," nawe unaangalia karatasi, unapata mwezi, unahesabu. Karatasi ile nilikuja kuiamini kuliko saa yangu.

Wodi ya wazazi ilikuwa chini ya mkunga mmoja Msangu, mwenye umri wa kunizaa. Mimi ni Mhehe, na babu zetu walipigana vya kutosha hata sisi tukabakiwa na utani tu, hasa ule wa Wahehe kula mbwa. Kila asubuhi kabla ya raundi alinipa taarifa ya wagonjwa, kisha akamalizia kwa uso mkavu, "Na mbwa wa mlinzi yupo, daktari. Nimemhesabu." Nilimjibu kwamba mbwa wa Usangu ni mifupa mitupu, Mhehe mwenye akili hawezi kuhangaika naye. Manesi walicheka kila siku, utafikiri ndiyo kwanza wanausikia.

Katika wiki ya tatu alikuja mama kijana, Msukuma, akisindikizwa na mama mkwe wake. Familia yao ilikuwa imehamia bondeni na ng'ombe kutoka Shinyanga, na sasa walilima mpunga kama wengine. Yule binti alikuwa na kovu la upasuaji tumboni na hakuwa na mtoto. Wa kwanza alitolewa kwa kisu, njiti, akaishi siku mbili. Mimba hii ya pili ilikuwa imeshakuwa kubwa alipofika kliniki kwa mara ya kwanza.

Niliwaeleza bila kuzunguka. Mtoto akitolewa mapema, atakuwa njiti kama yule wa mwanzo. Tukichelewa, uchungu ukaanzia nyumbani mbali na hospitali, kovu linaweza kuachia, na hapo tutawapoteza wote wawili. Kwa hiyo akae chigonella, nyumba ya nyuma ya hospitali wanakongojea wajawazito wa mbali, na siku ikitimia nitamfanyia upasuaji mwenyewe. Binti aliitikia kwa kichwa. Mama mkwe ndiye aliyejibu, akiniita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, mimi nataka mjukuu mwenye kulia. Hayo mengine mtajua nyie."

Nikamuuliza binti hedhi ya mwisho. "Tulikuwa tunapandikiza," akasema. Nikatazama karatasi, nikaandika.

Alihamia chigonella na kifurushi chenye khanga mbili na sufuria. Wenzake walikuja na visweta, kofia, soksi za ukubwa wa kidole gumba. Yeye hakuleta hata kitambaa, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Kila Jumatatu nilimpima tumbo kwa utepe, na kila Jumatatu tumbo lilikuwa dogo kuliko miezi niliyoihesabu. Mashine ya ultrasaundi ilikuwa Mbeya kwa fundi tangu kabla sijafika. Nikaandika kwenye faili kwamba mtoto hakui vizuri, nikazidi kuona sababu ya kutochelewa. Upasuaji nikaupanga Alhamisi, saa tatu asubuhi. Ningependa kusema niliichagua siku hiyo kwa sababu za kitabibu peke yake. Mkataba wangu ulikuwa unaisha Ijumaa, na kwa kweli nilitaka kuondoka na picha ya mtoto huyo kwenye simu yangu.

"Tumbo la huyu bado liko juu, daktari," mkunga aliniambia Jumanne. "Haraka ya nini?"

"Mama, shule nilikwenda," nikamjibu.

Alikunja mdomo, akaenda kupanga mashuka. Asubuhi iliyofuata hakunipa taarifa ya mbwa.

Siku hiyo ya Jumatano mchana, mama wa chigonella waliniandalia chakula cha kuniaga. Tulikaa kwenye mikeka upande wa kivuli, mkunga naye akaja, ingawa aliketi mbali nami. Mchele ulitoka kwa yule mama mkwe, aliyeletewa gunia na mwanawe. Wali ulinukia hadi getini. Nilikula bila aibu, kisha nikasema kwamba wali wa namna hii lazima watu wa mfereji wenu wana dawa.

"Dawa gani, mayu," mama mkwe akasema huku akiniongezea. "Ni taabu tu. Wenzetu walikuwa wanakula wali mpya, sisi bado tunafukuza ndege. Shamba letu liko mwisho kabisa. Maji inafika kwetu imechoka."

Mkunga aliacha kula. Alinitazama, na safari hii hapakuwa na utani.

"Mama," akamuuliza mama mkwe taratibu, "nyie mlipandikiza lini?"

"Sisi? Wenzetu wameshamaliza palizi, ndiyo zamu yetu ya maji ikafika. Si wote wa mwisho ndiyo hivyo?"

Mkunga mwenyewe alikuwa na ekari moja kule mwisho wa mfereji. Alijua. Nami nikajua, tonge likiwa mkononi. Karatasi ile aliiandika mtu aliyetibu zaidi akina mama wa vijiji vya mbele, wanaopata maji kwanza. Wahamiaji walipewa majaruba ya mkiani, na kule Januari ya karatasi hufika Februari inakwisha. Binti huyu hakuwa ametimiza. Alibakiza wiki tano. Mtoto wangu asiyekua vizuri alikuwa anakua sawasawa kabisa, na kesho yake saa tatu asubuhi ningemtoa akiwa njiti, kwenye hospitali isiyo na mashine ya kumsaidia kupumua. Utepe uliniambia ukweli kila Jumatatu, mimi nikaubishia.

Niliogopa, nikalirudisha tonge kwenye sahani. Kisha nikaona aibu, na aibu ndiyo iliyokaa.

Nilimwita binti pembeni na mama mkwe wake. Nikawaambia upasuaji wa kesho haupo, mtoto anahitaji wiki tano zaidi, karatasi ya ofisini ilikosea. Ndivyo nilivyosema, karatasi. Binti aliitikia kwa kichwa kama kawaida. Mama mkwe akauliza swali moja tu.

"Na wewe utakuwepo?"

"Nitakuwepo," nikasema, kabla sijajua nitakuwepoje.

Mganga mfawidhi aliniongezea wiki tano siku hiyohiyo, kwa furaha ambayo ilinifanya nijiulize kwa nini sikuomba mapema. Iringa walikonisubiri Jumatatu kwa kazi nyingine ya muda niliwapigia simu, nikasikia nilichostahili. Mama naye nikampigia. "Umeajiriwa?" akauliza. Nikamwambia hapana, nimeongezewa. Akasema angalau nimeanza kukaa mahali.

Mkunga nilimfuata stoo ya mashuka. Nikamwambia, "Shikamoo mama. Shule nilikwenda, lakini kuuliza sikuuliza." Aliendelea kukunja shuka hadi likaisha.

"Marahaba," akasema. "Kuuliza si ujinga, mwanangu. Ila kwa Mhehe ni kazi." Kisha akanihakikishia kwamba mbwa wa mlinzi yupo.

Wiki tano zile zilikuwa nzuri kuliko miezi mitatu iliyotangulia. Nilizoea kula chigonella. Nilipewa mwiko siku moja tu, nikanyang'anywa, kwa kuwa ugali wangu ulikuwa na mabonge ambayo mama mkwe aliyapanga pembeni ya sahani yake ili kila mtu ayaone. Tulifumua mafaili yote ya mama wa mkiani, mimi na mkunga, tukawauliza upya mmoja mmoja wanapata maji zamu ya ngapi. Wawili wengine tuliwarekebishia tarehe. Pembeni ya neno kupandikiza mkunga aliandika kwa peni nyekundu, herufi kubwa, ULIZA MFEREJI.

Jumanne ya wiki ya tano ilipofika, utepe na hesabu viliafikiana. Tuliingia chumba cha upasuaji asubuhi, mkunga akisimama tayari na taulo. Kovu la zamani lilikuwa limekuwa jembamba, likaniongoza vizuri. Mtoto alikuwa wa kike, mnene, na alianza kupiga kelele kabla hajatoka mabega. Nje ya mlango nilisikia mama mkwe akipiga vigelegele peke yake, kisha mlinzi akamwunga mkono. Nililia ndani ya barakoa, na barakoa ikilowa haifai tena, mkunga akanibadilishia kama ananipangusa kamasi.

Ijumaa niliyapanga mabegi yangu. Gari la hospitali lilikuwa linakwenda Iringa kuchukua dawa, nami nilipewa kiti cha mbele. Nikapita wodini kuaga. Mama mkwe alikuwa amekwenda kufua. Binti alikuwa amekaa kitandani, mtoto kamfunga kwa khanga yake mwenyewe, juu yake kisweta cha waridi ambacho mkunga hakukiri kukinunua.

Katika wiki zote hizo alikuwa hajawahi kuniuliza swali.

"Daktari. Ile Alhamisi. Ungemtoa?"

"Ningemtoa."

"Karatasi ndiyo ilikosea?"

Nilitazama mlangoni, kisha nikamtazama yeye. "Hapana. Tumbo lako lilinionyesha, na mama mkunga akaniambia. Sikusikia. Nilikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Nisamehe."

Alimtazama mwanawe, nami nikajiandaa kwa lolote, kwani nilistahili. Tangu Jumanne alikuwa hajamwacha mtu yeyote amshike mtoto yule isipokuwa bibi yake, na manesi walikuwa wakimpima uzito huku yeye kawashika mkono.

"Basi mshike," akasema, akanipa. "Mimi sijalala tangu Jumanne."

Akajifunika, akageukia ukutani, akalala palepale. Gari lilipiga honi getini mara mbili. Nikavuta kiti kwa mguu, nikakaa na mtoto kifuani, nikaliacha liende.