Kikombe cha Bluu

Asubuhi ile niliwakuta wanafunzi wa darasa la saba wamesimama mbali na sufuria la uji. Nilishangaa, maana kwa baridi ya kijiji chetu cha Tlawi uji huwa unagombaniwa. Msichana mmoja tu ndiye aliyekuwa anakunywa, na kikombe chake cha bluu, peke yake kwenye ukuta wa ofisi. Ukuta huo ndio ulioandikwa kwa rangi dira ya shule yetu ya kanisa, na chini yake tunu zetu: Upendo, Ukweli, Msamaha, Utumishi.

"Mna nini nyie?" niliwafokea. "Uji umewekwa sumu?"

Wakatazamana. Mmoja akajikaza akasema, "Mwalimu, yeye ametangulia kuchota. Nyumbani wamesema tusinywe naye."

Hee! Wiki iliyopita msichana huyo alikuwa amefiwa na mdogo wake, mtoto wa kunyonya. Shule nzima tulikwenda kuzika, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Sasa huku kwetu Mbulu, tangu zamani, nyumba iliyofiwa na mtoto mchanga hujitenga kwa muda mrefu. Hawaingii kwa watu, hawaombi moto, hawanywi na mtu. Inaaminika kifo hicho kinafuata watu, na kinaanza na watoto na wenye mimba. Mimi nilidhani mambo hayo tuliyazika na bibi zetu. Kumbe!

Na mtihani wa taifa ulikuwa wiki inayofuata. Msichana asipofanya, mwaka wake umepotea, na nyumbani kwao sikuona nani angemrudisha shule tena.

Mimi nina mdomo, wanaonijua wanajua. Niliingia kwenye grupu la wazazi la WhatsApp nikaandika, "Hivi ninyi ni Wakristo au mnaigiza?" Kabla ya saa nne wazazi walikuwa wamejaa darasani, wengine bado na matope ya shamba miguuni. Nikasimama mbele yao na tumbo langu, mimba yangu ya kwanza, niliyoisubiri hadi watu wakaacha kuniuliza. Nikawafundisha dini kama watoto.

Katekista wetu, mzee mpole sana, alinyoosha mkono. Nikafurahi, nikajua sasa nimepata mtetezi.

"Mwalimu," alisema, "hatumchukii mtoto. Akae nyumbani tu, muda upite. Mtihani atafanya mwakani."

"Shikamoo zangu zote kwako, mzee, lakini si wewe uliyemzika yule mtoto? Si ulituambia yuko kwa Bwana?"

"Nilisema. Na ninaamini." Akatazama chini. "Lakini nina wajukuu hapa shuleni."

Jamani! Darasa zima likaitikia kwa kichwa. Nilitoka nje bila hata kuaga.

Getini alikuwa amesimama mama wa yule msichana. Hakuingia. Alikuwa anamwita binti yake kwa mkono, na binti alikuwa ameshaweka begi mgongoni, machozi yanamtiririka, kikombe bado mkononi.

"Mama, usiwasikilize hao!" nilipiga kelele nikimwendea. "Hawana haki ya kumfukuza!"

Akarudi nyuma. "Usinisogelee, mwalimu. Hakuna aliyenifukuza. Nimekuja mwenyewe kumchukua."

"Mwenyewe? Kwa nini?"

"Wangu alipokufa nilikuwa nimeshika miguu yake, naisikia inapoa. Nikimwacha huyu hapa, halafu akafa mtoto wa mwenzangu, nitamtazama nani usoni?"

Yesu wangu. Muda wote nilikuwa nawahubiria watu upendo, na huyu mama alikuwa tayari kumnyima binti yake shule ili watoto wa wengine wasife. Na mimi nikikosa jibu, hasira ndiyo inasema.

Nikamnyang'anya msichana kikombe. Uji ulikuwa umepoa, una utando juu.

"Mwalimu, tumbo lako!" mama alipiga ukelele.

Nikanywa wote. "Haya!" nikasema kwa sauti, wazazi wakiwa wamejaa mlangoni. "Kama kuna wa kufa, aanze wangu."

Mama yule alikaa chini palepale getini. "Umefanya nini?" alikuwa anarudia. "Umefanya nini, mwanangu?"

Msichana alifanya mtihani. Msidhani wazazi walishawishika, hata kidogo. Walisema tu kwamba sasa hakuna haja ya kumzuia, tumsubiri mwalimu tuone. Nikienda mnadani Dongobesh, watu walitazama tumbo kwanza ndipo wakanisalimia. Na mimi, mwalimu wa dini, niliogopa. Niliogopa sana! Mtoto akitulia kidogo tumboni nilimtikisa kwa mkono mpaka apige teke. Maneno yangu mwenyewe yaliniamsha usingizini nikiwa nimelowa jasho, nikiuliza ni shetani gani aliyenituma kusema vile.

Nilijifungulia hospitali mjini Mbulu, mtoto wa kiume, mzima. Siku niliyorudi nyumbani, kabla hata jirani hajafika, nilisikia mtu anabisha hodi nje ya ua. Nilitoka na mtoto akinyonya; alikuwa yule mama, na binti yake nyuma yake.

"Karibu ndani, mama."

"Hapana, muda wetu haujaisha. Mwalimu, analia?"

"Analia sana, hatulali."

"Mlize nimsikie."

Nikamchomoa mtoto kwenye ziwa. Alipiga kelele ambazo nadhani zilifika barabarani. Mama yule alisikiliza, ameshika miti ya ua kwa mikono miwili, halafu akaanza kulia kwa nguvu. Nikamwambia basi, mama, basi, mtoto ni mzima.

"Hujui nilivyoomba," alisema. "Tangu siku ile nimemwambia Mungu, kama ni lazima achukue mwingine, wa mwalimu amwache. Amchukue huyu wangu aliyebaki."

Nilimtazama msichana. Alikuwa amesimama pale pale, amesikia yote, na hakuonekana kushtuka. Alikuwa anampapasa mama yake mgongo, polepole.

"Tuliomba wote, mwalimu," akasema.

Nilikaa kwenye majani upande wangu wa ua, mtoto bado analia, na sikukumbuka hata kumrudishia ziwa.